Jiwe la Rangi ya Fizi

Nchi yenyewe haina jina. Si kwamba wananchi wake hawakulitaka. Tume ya Kuipa Nchi Jina iliundwa siku ya uhuru, ikaenda semina, na mpaka leo haijarudi. Kwa hiyo msomaji akiona mambo yanayofanana na ya kwao, ajue ni bahati mbaya tu, na aendelee kusoma kwa amani.

Kaskazini mwa nchi hiyo pana mahali panaitwa Igombanya, na hapo ndipo walipoishi Lusangija na mkewe Milembe. Lusangija alikuwa mchimbaji mdogo, kama serikali inavyowaita, ingawa kwa umbo ilimbidi aingie mlangoni kwa ubavu. Kila asubuhi alishuka kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia almasi, na Milembe alibaki juu na chekeche na beseni la maji. Mume alipandisha ndoo za kokoto kwa kamba. Mke aliziosha na kuzichambua. Walipata vialmasi vidogo vyeupe, vya kutosha unga na mafuta ya taa. Walipata pia vipande vingi vya chupa, maana walioanzisha machimbo yale zamani walikuwa watu wenye kiu.

Siku moja ndoo ilipanda, na sauti ikapanda nayo.

"Milembe! Hebu tazama hiyo! Nimekuletea fizi ya mtoto!"

Milembe akaingiza mkono ndani ya ndoo. Juu ya kokoto kilikuwa kipande cha fulana ya mumewe kimefungwa fundo, na ndani ya fundo jiwe lenye ukubwa wa harage. Aliliosha. Lilikuwa la pinki, pinki ileile ya kinywa cha mtoto asiyeota meno bado. Milembe akacheka. Akainama juu ya shimo amjibu, lakini udongo ulimtangulia kujibu. Duara likaporomoka.

Wanaume wa Igombanya walichimba mpaka wakamfikia. Walimzika mahali palipoinuka, mbali na mashimo. Msimamizi wa machimbo, ambaye alilia msibani kuliko ndugu wa marehemu, alimpa Milembe pole kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akalichukua jiwe likahifadhiwe.

Watu wa Igombanya wana desturi yao. Mtu akizikwa, kiti chake hupinduliwa miguu juu, kikawekwa mlangoni, nacho hubaki hivyo mpaka siku ya kutamka. Siku hiyo majirani hukusanyika, na mmoja baada ya mwingine husimama akasema kwa sauti jina la marehemu na kazi ya mwisho iliyofanywa na mikono yake. Fulani, alikuwa anaezeka banda. Fulani, alikuwa anasonga ugali. Wakishamaliza, mtani wa ukoo hukiinua kile kiti, hukikalia yeye kwanza, hukisema vibaya, na msiba umekwisha. Asipotamkwa, msiba hauishi. Mjane halali kitandani wala hawashi moto jikoni kwake, na marehemu mwenyewe, wanasema, huko aliko anasimama tu kwa kukosa pa kukaa.

Mtani wa Lusangija alikuwa Bi Nkwimba, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye kwa haki ya utani aliruhusiwa kusema chochote msibani. Na alisema.

"Oneni uchoyo wa mtu huyu!" alipaza sauti makaburini. "Kajifunika kilima kizima peke yake! Sisi wengine tutajifunika nini?"

Waliokuwa wakilia walicheka bila kuacha kulia. Midomo ya Milembe nayo ilitaka kufanya hivyo, ikashindwa.

"Subiri, mtani wangu," Nkwimba alimwambia akimshika bega. "Mwezi ukiandama tunamtamka. Nitakikalia kile kiti chake, na nitakitukana mpaka asikie."

*

Kabla mwezi haujaandama, jiwe lilikuwa limeshafika mji mkuu.

Redio ya taifa ilikatisha muziki ikatangaza kwamba Mheshimiwa Mkuu wa Nchi amegundua almasi ya rangi ya waridi. Wananchi walielezwa namna ugunduzi ulivyofanyika. Mheshimiwa alikuwa amelala, katika usingizi wa kulitafakari taifa, mara mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe kuelekea kaskazini. Msaidizi wa zamu akaelewa. Mkono huo ulitunukiwa nishani, nayo ikafungwa kwenye kifundo, kwa kuwa kifua kilikuwa kimejaa.

Baraza la Mawaziri likamwita Profesa Mshangila, mtaalamu wa miamba, aje kulieleza jiwe. Aliyemhoji alikuwa Waziri wa Mawe na Mambo Magumu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Rugemba.

"Profesa, tuambie kwa lugha ya kawaida. Jiwe hili linafanya nini? Linatibu?"

"Halitibu, Mheshimiwa."

"Linapikia? Linaendesha mashine?"

"Hapana. Ni zuri, na ni adimu. Basi. Almasi nyeupe ziko nyingi duniani, lakini ya waridi unaweza kuumaliza mlima usiione hata moja. Na matajiri wanapenda kuwa na kitu ambacho jirani hana."

"Kwa hiyo thamani yake hasa..."

"Ni huko kutopatikana kwake, Mheshimiwa. Ingekuwa imezagaa kila mahali, watoto wangeichezea bao."

Mheshimiwa Rugemba akanyamaza, jambo ambalo Baraza halikuwa limelizoea. Akasogea dirishani. Chini barabarani alipita mama mmoja aliyejifunga khanga ya pinki, kichwani amebeba beseni la pinki. Nyuma yake palikuwa na saluni iliyopakwa pinki, na juu ya paa la saluni maua ya pinki ya bogainvilia yalikuwa yamechanua bila kibali cha mtu.

"Ndugu Mawaziri," alisema kwa sauti ya mtu aliyemkuta mwizi chumbani, "tumelala! Sisi humu ndani tunaulinda uadimu, huko nje rangi yetu inatapanywa bure!"

"Mheshimiwa," Profesa alisema, "kilicho adimu ni jiwe. Rangi yenyewe..."

"Profesa, wewe ni mtaalamu wa mawe. Mambo ya rangi tuachie sisi wanasiasa."

Sheria ya Kulinda Uadimu wa Rangi ya Waridi ilipitishwa siku hiyohiyo, baada ya mjadala mkali kuhusu viburudisho.

*

Waliajiriwa Maafisa Rangi, wakavishwa kahawia kutoka kofia hadi soksi, wakapewa filimbi. Nyumba za pinki zilipakwa rangi ya tope. Khanga zilichovywa kwenye mapipa ya rangi nyeusi, na wenye khanga walitakiwa kushukuru. Mapera yalipasuliwa sokoni mbele ya afisa. Lililokuwa jeupe ndani alirudishiwa mwenyewe, na lililokuwa pinki lilizuiliwa kwa uchunguzi, ambao kwa kawaida ulifanyika wakati wa chakula cha mchana. Heroe, wale ndege wa ziwani wenye miguu mirefu, walipewa notisi ya kuhama. Walipoidharau, serikali iliwapaka majivu. Wakaingia majini, wakatoka pinki, wakapakwa tena, na kazi hiyo ilitoa ajira nyingi kwa vijana. Kuhusu mawingu ya jioni, Wizara ilifafanua kwamba hayo ni mali ya serikali, na kwamba jua linapotua mwananchi mwema hutazama mashariki.

Afisa Rangi wa Igombanya alikuwa kijana wa palepale, Ndalahwa, ambaye zamani aliwahi kuazima baiskeli ya Lusangija akairudisha haina kengele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na filimbi tu.

Mwezi ukaandama. Milembe alikoroga togwa kwenye mtungi wa jirani, akatandika mikeka uani, akakipangusa vumbi kile kiti bila kukiinua. Watu wakaja. Bi Nkwimba alikuja akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni, mtoto mchanga mwenye mashavu ya kutosha watoto wawili. Ndalahwa naye alikuja, akasimama langoni kuhakikisha kwamba hakuna aliyevaa pinki. Hakuna aliyekuwa ameivaa.

Jirani wa kwanza akasimama, akasafisha koo. Wakati huohuo mjukuu wa Nkwimba akapiga mwayo.

Ndalahwa akachungulia. Akachungulia tena, kwa karibu. Akapuliza filimbi.

"Hicho ni nini?"

"Ni mdomo," alisema Nkwimba. "Kwenu hamna?"

"Ndani! Ndani yake!"

"Ndani ya mdomo kuna mdomo, baba. Ulitegemea kabati?"

Watu wakacheka, na hilo ndilo kosa lililowaponza, kwa sababu mtu akicheka hufunua kila kitu. Ndalahwa aligeuza macho huku na huku. Fizi za pinki. Ndimi za pinki. Makoo ya pinki mpaka kusikoonekana. Kumbe watu wote, tangu kuzaliwa, walikuwa wanatembea na rangi ya serikali mdomoni!

"Tawanyikeni!" akapiga kelele, kisha akakumbuka na yeye, akajiziba mdomo kwa kofia.

Watu wakatawanyika. Togwa ilibaki. Kiti kilibaki miguu juu.

Taarifa ya Ndalahwa ilipofika mji mkuu, Mheshimiwa Rugemba aliisoma akiwa amesimama. Marekebisho ya sheria yalitoka siku ya pili yake. Kinywa kilitajwa kuwa mgodi usio na leseni, na ilikuwa marufuku kukifungua hadharani. Aliyelazimika kusema aseme nyuma ya kitambaa cha kahawia, kilichotolewa bure kwa bei nafuu, na asizidi mahitaji. Kutamka, kuimba, kuhubiri, kushangilia na kupiga miayo vikasimamishwa. Watangazaji wa redio waliguna taarifa ya habari, na wasikilizaji wengi walisema habari zimekuwa bora. Bungeni hali iliendelea kama kawaida. Mgeni mmoja alipouliza kwa nini wabunge wamefunga midomo, aliambiwa kwamba hiyo si kwa sababu ya sheria mpya.

*

Milembe alifunga kitambaa chake cha kahawia usoni, akaenda ofisi ya kata. Alimkuta Ndalahwa, sasa Afisa Rangi Mwandamizi, anakunywa chai kwa mrija.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya mume wangu."

"Pole tena. Alikuwa mtu mwema. Aliniazima baiskeli."

"Ilirudi haina kengele."

Ndalahwa akakohoa nyuma ya kitambaa, akasogeza kikombe.

"Naomba siku moja tu," alisema Milembe. "Watu wamtamke. Ikibidi tutageukia ukutani."

"Inawezekana, shangazi, mbona inawezekana? Serikali si katili. Watakusanyika, wataguna, mimi nitasimamia."

"Kuguna si kutamka. Atajuaje kuwa ni yeye? Wakigunwa, watu wote ni sawasawa."

Ndalahwa akafikiri, maana kwa kweli alitaka kusaidia. "Haya. Tuseme jina nalipitisha. Neno moja, harakaharaka, nyuma ya kitambaa. Halafu kazi ya mwisho ya mikono yake ilikuwa nini?"

"Si unaijua? Alitoa lile jiwe."

Ndalahwa akainuka akafunga dirisha.

"Shangazi. Lile jiwe lilitolewa na mkono wa Mkuu wa Nchi. Ule mkono una nishani. Wa mjomba ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa na udongo."

"Tafuta kazi nyingine basi. Asubuhi ile hakufunga kamba za viatu?"

"Alikuwa peku."

"Hakujikuna?"

"Ndalahwa."

"Nasaidia, shangazi! Waseme kwamba alikuwa anafariki. Hiyo nayo ni kazi, na haigombani na mtu."

Milembe alimtazama, akaona kijana hana utani.

"Kiti chake kiko mlangoni, miguu juu," alisema. "Nikitoka nakikwepa. Nikirudi nakikwepa. Na wewe ulikikalia kiti kile ulipokuja kuomba baiskeli. Alikupisha, akakaa yeye chini."

Ndalahwa akaitazama chai yake. "Sheria ni sheria, shangazi," alisema, lakini alisema kama mtu anayesoma maneno ya mwingine.

Njiani Milembe alipita kwa Bi Nkwimba, akamkuta anamwogesha mjukuu nyuma ya nyumba, mahali ambapo kinywa kiliweza kufunguliwa kidogo.

"Labda nikubali," Milembe alisema. "Waseme alikuwa anafunga kamba za viatu. Angalau akae. Amesimama sana."

"Thubutu!" Nkwimba akaacha kumwaga maji. "Umtaje mtu kwa kazi ambayo hakuifanya? Kitakachoinuliwa kitakuwa kiti cha mwingine, na mimi siwezi kukalia kiti cha mtu nisiyemjua, nikakitukana kwa lipi? Mwache asimame. Miguu yake ilikuwa mikubwa ya kutosha."

Milembe akampokea mtoto, akamfuta maji. Mtoto akacheka na fizi zake zote. Milembe akamwangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa bibi mmoja mgeni kutoka ng'ambo, mfupi, mwenye kioo cha kutazamia mawe kilichoning'inia shingoni, na alikuwa na sharti moja: hanunui jiwe kabla hajaona lilikotoka. Serikali ikaona hiyo ni nafasi ya sherehe. Igombanya ikatangaziwa Siku ya Uadimu, na watu wote wakaamriwa wahudhurie kwa furaha, midomo imefungwa.

Mkuu wa Nchi hakuweza kufika, lakini aliwakilishwa na mkono wake. Ulikuwa mkono wa saruji, mkubwa kama nguzo ya simu, umevishwa nishani ya bati, umelazwa kwenye lori la wazi, kidole kimeelekezwa mbele ili kionyeshe kaskazini. Kwa kuwa lori liliingia Igombanya kwa kupitia barabara ya kaskazini, kidole kilikuwa kinauonyesha mji mkuu, ikabidi lori ligeuzwe huku bendi ikisubiri. Mkono ukateremshwa kando ya duara lililoporomoka. Mheshimiwa Rugemba akapanda jukwaani pamoja na Profesa, mnunuzi na mkalimani. Mheshimiwa aliruhusiwa kufungua kinywa, kwa kuwa cha waziri kina leseni.

Bibi mgeni aliuliza swali lake la kwanza kupitia kwa mkalimani: rangi hii inatokana na nini?

"Mara nyingi almasi hupata rangi kwa kuchanganyika na kitu kingine," Profesa akaeleza nyuma ya kitambaa. "Hii ya waridi, kadiri tunavyojua, haikuchanganyika na kitu. Ilibanwa. Ardhi iliibana mno, kwa nguvu nisizoweza kuzieleza, mpaka ndani yake pakapinda. Huko kupinda ndiko rangi."

"Mmesikia, ndugu wananchi!" Mheshimiwa Rugemba alinyakua kipaza sauti. "Kubanwa ndiko kunakoleta thamani! Sasa mtaelewa serikali yenu imekuwa inawatakia nini miaka yote hii!"

Makofi yakapigwa. Yalipotulia, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka safu ya mbele, nyuma ya kitambaa.

"Profesa. Na mtu akibanwa na ardhi, anakuwa rangi gani?"

Profesa akatazama ilikotoka sauti, kisha akalitazama lile duara, na ule mkono wa saruji uliosimama kando yake. Akavua miwani.

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa. "Litajibiwa kwa maandishi. Tuendelee."

Bibi mgeni akaweka jiwe kwenye kiganja, akalitazama kwa kioo chake, akatikisa kichwa, akasema maneno. Mkalimani akatafsiri.

"Anasema pinki ziko aina nyingi, na bei ni kwa aina. Hawezi kuijua aina bila kuliweka jiwe karibu na pinki nyingine akalinganisha. Alikuja na sampuli zake, lakini uwanja wa ndege maafisa walizipaka rangi ya tope. Anaomba mumletee kitu chochote cha pinki."

"Kitu chochote tu?" Mheshimiwa akacheka. "Leteni!"

Maafisa wakatawanyika mbio. Waliingia majumbani, wakapekua masanduku, wakapasua mapera mabichi. Walifika ziwani wakawakuta heroe wametoka kupakwa. Walirudi mmoja mmoja wakihema, mikono mitupu. Hapakuwa na uzi wa pinki, wala ua, wala kopo. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, agizo la serikali lilikuwa limetekelezwa lote.

Bibi mgeni akafunga mkoba wake.

"Anasema hawezi kununua asichoweza kukipima," alisema mkalimani. "Anaulizia ndege yake ya kurudi."

Jasho lilimtoka Mheshimiwa. Ndipo Profesa alipomwinamia sikioni, akasema neno moja: "Vinywa."

Mheshimiwa Rugemba aliwatazama watu wa Igombanya, safu kwa safu ya vitambaa vya kahawia, kama mtu aliyekuta sanduku la akiba ambalo alikuwa amelisahau. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kwa mamlaka niliyonayo, naamuru! Vitambaa chini! Vinywa wazi! Kila mtu! Na atakayefunga kabla sijasema fungeni, atashtakiwa kwa hujuma!"

Vitambaa vikashuka. Vinywa vikafunguka polepole, maana vilikuwa vimekaa siku nyingi vimefungwa. Bibi mgeni akateremka jukwaani na jiwe mkononi, akapita kwenye safu analiweka karibu na mdomo huu, na huu. Huyu alitafuna tumbaku, hapana. Huyu fizi zimemzidi weusi, hapana. Huyu amekaribia. Akafika kwa Bi Nkwimba, ambaye alikuwa amempakata mjukuu, na mjukuu alikuwa amefungua kinywa kabla ya amri kwa sababu alikuwa anataka kulia.

Bibi akalisogeza jiwe karibu na fizi ya mtoto. Akalishikilia hapo. Kioo kikamdondoka kifuani. Usingeweza kujua fizi inaishia wapi na jiwe linaanzia wapi.

Milembe alikuwa ameketi bega kwa bega na Nkwimba. Aliona. Akasikia tena ile sauti ikipanda pamoja na ndoo, na kamba ikikwaruza kwenye gogo la juu ya shimo.

"Fizi ya mtoto," alisema. "Alisema hivyohivyo."

Bi Nkwimba akamgeukia. Akamtazama Milembe, akautazama mdomo wa Milembe ulio wazi kwa amri ya serikali, akautazama umati mzima ulio wazi kwa amri ya serikali. Hapo akasimama wima.

"Lusangija!" sauti yake nene ikavuka machimbo. "Alikuwa anatoa jiwe hili!"

Mzee aliyemfuatia akasimama. "Lusangija. Alikuwa anatoa jiwe hili."

"Lusangija. Alikuwa anatoa jiwe."

"Lusangija. Alikuwa anamtolea mkewe jiwe."

Ikaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu. Ndalahwa alishika filimbi yake. Aliipeleka mdomoni, ikafika kwenye meno, akakwama: kupuliza filimbi lazima midomo ifungwe juu yake, na atakayefunga atashtakiwa kwa hujuma. Akabaki hivyo, filimbi mkononi, kinywa wazi, na zamu ya kutamka ikija kwake kutoka kushoto. Jirani yake akatamka. Watu wakamgeukia.

"Lusangija," alisema Ndalahwa. "Alikuwa anatoa jiwe hili." Akashusha filimbi. "Na ile kengele ya baiskeli ninayo mimi."

Milembe akatamka mwisho, kama desturi inavyotaka. Hakupaza sauti. "Lusangija. Aliniita, akanipandishia jiwe, akalifunga kwenye fulana yake lisipotee."

Bibi mgeni akarudi jukwaani, akamuuliza mkalimani jambo, na mkalimani akamgeukia Mheshimiwa Rugemba.

"Anauliza hawa watu wanasema nini. Nimwambie?"

"Thubutu!" Mheshimiwa akautazama mkono wa saruji, akautazama umati, akili ikamzunguka kama feni. "Mwambie... mwambie wanalitaja jiwe. Ndiyo. Ni jina la jiwe. Wanalipa heshima."

Mkalimani akatafsiri. Uso wa bibi ukafunguka. Alisema kwamba mawe makubwa duniani yote yana majina, na kwamba hili lilikuwa linasubiri lake. Akalitamka taratibu, mara mbili, mpaka likamkaa ulimini. Akalinunua papo hapo.

*

Jioni hiyo redio ya taifa ilitangaza kuuzwa kwa almasi iitwayo Lusangija, na kwa kuwa mnunuzi alilipenda jina, tangu siku hiyo imelazimika kulitaja kila inapoitaja almasi, asubuhi na jioni. Wizara imefafanua kwamba katika lugha ya kale neno hilo lina maana ya mkono ulionyooka. Tume ya Kuipa Nchi Jina ilituma pongezi kutoka semina, ikisema kazi ya namna hiyo haitaki pupa. Fedha zilizopatikana zimetengwa kwa ajili ya kuujengea ule mkono wa saruji mkono wa kushoto.

Watu wa Igombanya hawakusubiri kusikia yote hayo. Walitoka machimboni moja kwa moja mpaka uani kwa Milembe. Bi Nkwimba akamkabidhi mtu mjukuu, akakishika kile kiti kwa miguu, akakipindua, akakisimamisha. Akakikalia. Kikayumba.

"Kiti gani hiki?" akafoka. "Kigumu kama mwenyewe! Na mguu mmoja mfupi! Ndiyo maana alikuwa anakaa upandeupande kama mtu anayetaka kuazima fedha! Lusangija, hata huko usikae kwa nguvu, utavunja vya watu!"

Milembe akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kisha kikamzidi, akajishika mbavu, machozi yakamtoka, na kinywa chote kikawa wazi mpaka magego. Hakuna aliyemzuia. Mheshimiwa Rugemba alikuwa ameondoka na ndege ya mnunuzi kwa haraka, akasahau kusema fungeni, na mpaka leo hajasema. Watu wa Igombanya ni watu wanaoheshimu sheria, na hawajafunga.

Ndalahwa aliingia kimyakimya, akaweka kengele ya baiskeli juu ya mkeka. Milembe akaiokota, akaipiga mara moja kuona kama bado inalia, halafu akaingia jikoni kwake kuwasha moto.